Taratibu na Vilima vya Karibu

Kwenye bekari yetu kila mtu ana jina la kazini, na yeye anaitwa Taratibu. Alijipa jina hilo bila kukusudia. Ukimwambia mikate inachelewa, jibu lake ni "taratibu." Ukimwambia msimamizi anakuja amefura kama unga uliozidishwa hamira, "taratibu." Siku moja moshi ulijaa chumba cha tanuri, watu wakakimbilia mlangoni wakikanyagana, yeye akatembea hadi kwenye swichi kuu, akaizima, kisha akatoka wa mwisho huku akikunja aproni yake. Tangu siku hiyo jina lililo kwenye kitambulisho chake likabaki la kitambulisho tu.

Mimi kazi yangu ni mizani. Nakata unga uliokandwa, napima, nausukuma mezani kwa wanaoutengeneza kuwa mikate. Yeye ni mtu wa tanuri, na kati ya meza yangu na tanuri lake ni hatua chache tu, kwa hiyo kwa miaka mingi tumepeana migongo na maneno. Haya ninayosimulia mengine niliyaona kwa macho yangu. Mengine alinieleza mwenyewe, leo neno moja, kesho neno jingine, kama mtu anayemtoa samaki mifupa.

Tunaingia kazini alfajiri, adhuhuri tunatoka. Watu wanatuonea wivu. Wanasema nyinyi mnamaliza kazi wakati wenzenu ndio kwanza wanafikiria chakula cha mchana. Kwangu mimi mwenye watoto wanaorudi kutoka shule na njaa, ni bahati kweli. Lakini mtu asiye na wa kumwendea, akitoka kazini adhuhuri, anakuta siku nzima imemsubiri mlangoni, na kila anayemfahamu yuko kazini kwake.

Zamani alikuwa na wa kumwendea. Mke wake alikuwa fundi cherehani, akishonea nyumbani, kwenye vyumba vyao viwili vya ghorofa ya tatu. Taratibu akifika na mkate chini ya kwapa, mke anasimamisha cherehani, wanakula, kisha yeye analala huku cherehani ikiendelea kuimba dirishani. Walikuwa na binti mmoja, aliyeolewa akaenda kuishi nchi ya mbali. Binti alikuwa ameondoka, lakini ndani ya nyumba wazazi wake waliendelea kuitana kama alivyokuwa akiwaita yeye: baba, mama.

Halafu mama mkwe wake akaanguka bafuni akavunjika nyonga. Alikuwa anaishi mji mwingine, safari ya kutwa kwa basi. Mke akafunga begi.

"Wiki mbili tatu, baba," alimwambia mlangoni. "Nikimwona anasimama, narudi."

Wiki zikawa miezi. Mama mkwe hakusimama.

Bekari inampa kila mfanyakazi mkate mmoja kila siku. Mkate ule ulikuwa unawatosha watu wawili sawasawa. Mtu mmoja ulimshinda. Nilimuuliza kwa nini asiuache kazini siku nyingine, kuna watu wangeuchukua kwa furaha. Akasema, "Nikiuacha, mtaanza kuniuliza maswali." Basi akawa anaubeba, na nusu yake inaota ukungu kabatini.

Sasa, kulikuwa na baiskeli kwenye veranda yake. Ilikuwa ya shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye aliponunua gari aliiegesha pale akisema atakuja kuichukua. Hakuja. Ilikuwa baiskeli ya gia, nyembamba, usukani umepinda kama pembe za kondoo dume, na kiti kigumu utadhani kilitengenezwa kwa ajili ya kuadhibu watu. Mchana mmoja Taratibu alikuwa amelala, ameamka, amefua shati, amefagia, na bado jua liko palepale. Akaishusha baiskeli ngazi zote, akaijaza upepo, akaondoka.

Alikuwa anafuata barabara inayokwenda sambamba na reli. Ni barabara nyoofu, tambarare kama meza, na kila mpanda baiskeli wa mjini kwetu anaipenda. Yeye ilimchosha, na si kwa miguu. "Kwenye tambarare miguu inajiendesha yenyewe," aliniambia. "Kichwa kinabaki hakina kazi. Na kichwa changu kikikosa kazi kinajua pa kwenda." Alikuwa anazunguka njia nzima akipiga hesabu ya maneno ambayo mkewe alimwambia kwenye simu, na yale ambayo hakumwambia.

Siku moja akakuta barabara ya reli inachimbwa mabomba. Mafundi wakamwelekeza apite nyuma ya hospitali. Ile barabara ya nyuma ya hospitali inapanda. Magari ya wagonjwa yenyewe huipanda yakiguna. Taratibu akaingia nayo hivyohivyo, na gia nzito, kwa sababu alikuwa bado hajui kuzitumia. Katikati akainuka kwenye kiti. Mbele kidogo akaanza kuyumba kama mlevi. Alipofika juu alishika uzio wa hospitali kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa.

Muuguzi aliyekuwa anatoka zamu akasimama. "Mzee, mapokezi ni mlango ule pale."

"Mimi si mgonjwa."

Muuguzi akamtazama kwa makini. "Basi pumua kwanza, halafu uniambie tena."

Akapumua. Na pale kwenye uzio ndipo alipogundua kwamba tangu chini hadi juu hakuwa amefikiria kitu chochote. Nyumbani, simu, begi, vyote havikuwepo. "Havikuwa na pa kukaa, dada," aliniambia. "Pumzi ilichukua chumba kizima."

Kesho yake akarudi. Keshokutwa pia. Baada ya muda kile kilima kikawa kidogo. Miguu ilikizoea na kichwa kikaanza kurudi kwenye shughuli zake. Hapo ndipo alipoanza kutafuta vilima.

Milima ya kweli tunayo, lakini iko mbali. Asubuhi ikiwa safi unaiona kutoka kwenye paa la bekari, ya bluu, kama imechorwa kwa chaki. Kwenda na kurudi ni siku mbili. Mtu anayeamka alfajiri analala na kuku, hawezi kwenda kokote. Ilibidi apate vilima vya karibu, ambavyo anaweza kuvipanda na kuvishuka na kurudi kuoga kabla jua halijazama. Na mji wetu ukimuuliza mtu yeyote atakwambia hauna vilima. Mimi mwenyewe ningeapa.

Alianza na maji. Mvua ikinyesha alikuwa anasimama verandani kutazama mitaro, maji yanatokea upande gani na yanakwenda kwa kasi gani. Mvua ikikatika anapanda baiskeli na kuyafuata kinyume, anakotoka maji ndiko anakokwenda. Kwa njia hiyo alipata mtaa mmoja nyuma ya soko, mfupi lakini mkali, ulioishia kwenye ukuta wa kanisa. Akapata mwingine, mrefu na mzuri, ila una matuta kama kamba iliyofungwa mafundo. Unapanda vizuri na kushuka meno yakigongana. Alikuwa anaviacha bila kinyongo. Kilima kibaya, aliniambia, ni kile kinachokufanya ufikirie magari au mashimo badala ya kukuacha upande.

Kisha akawageukia watu wa mikokoteni. Aliona wanapofika kona fulani wanaweka jiwe nyuma ya gurudumu na kujifuta jasho, akajua hapo kuna mwinuko ambao macho hayauoni. Akaanza kuwauliza. Mmoja wao, mtu wa makamo mwenye mikono kama mizizi, alimsikiliza hadi mwisho.

"Nielewe vizuri," akasema. "Unatafuta zile sehemu ambazo sisi tunaomba Mungu tusipelekwe."

"Ndizo hizo."

"Na hubebi kitu?"

"Sibebi."

Yule mtu akatikisa kichwa, lakini akamwonyesha njia ya kwenda kwenye tangi kuu la maji.

Fundi wa baiskeli naye alikuwa na lake. Yeye anafanyia kazi chini ya ngazi za jengo la maduka, amezungukwa na tairi. Taratibu alipomwomba ambadilishie gia ya nyuma, amwekee ile kubwa kabisa inayopandisha milima, fundi aliacha spana. "Wateja wangu wote wanakuja na kesi ya breki," alisema. "Wewe ndiye wa kwanza kuja na kesi ya mlima." Akamfungia gia pana kama kisosi, na tangu siku ile akawa akipata habari ya mwinuko wowote kutoka kwa wateja anamhifadhia.

Nakumbuka asubuhi moja alikuja mezani kwangu akasukuma donge la unga kwa ubavu wa kiganja, akalitengeneza mgongo. "Ona," aliniambia. "Hiki cha tangi kinadanganya. Kinaanza laini hivi, unajiona mwanaume. Hapa kinalala kidogo, unapumua. Halafu hapa," akakunja unga ukasimama, "kinakuuliza ulichokuja kufanya." Msimamizi alipita, akatazama lile donge, akauliza mkate huo ni wa aina gani. "Wa mteja maalumu," nikamwambia. Taratibu alicheka hadi akashika tanuri. Sijui kama nilikuwa nimemwona akicheka tangu mkewe aondoke.

Juu kule kwenye tangi kuna geti na mlinzi. Mlinzi anakaa kwenye kibanda peke yake, na redio isiyokamata vizuri. Mara ya kwanza alitoka na rungu.

"Unafuata nini huku juu?"

"Nafuata kupanda."

"Na ukishafika?"

"Nashuka."

Mlinzi akafikiri. "Basi shuka."

Akashuka. Lakini alirudi siku iliyofuata, na siku nyingine, na baada ya muda mlinzi akawa anamwekea kiti nje ya kibanda. Walikuwa wanakaa, wanagawana ule mkate wa bekari, wanatazama paa za mji. Hawakuwa na mengi ya kuongea. Mlinzi alimuuliza kama ana familia, akajibu anayo, imesafiri. Mlinzi akasema na yake imesafiri. Hawakuulizana tena. Kisha kampuni ikambadilisha mlinzi yule, akaletwa kijana mwingine aliyekaa ndani ya kibanda na simu yake. Kiti kikaingizwa ndani. Taratibu aliendelea kupanda pale kwa siku chache, halafu akaacha.

Jioni alikuwa anampigia mkewe simu na kumsimulia. Mwanzoni mkewe alipenda. Alikuwa anamuuliza, "Leo umekipata gani, baba?" na yeye anamweleza kona na kokoto na jinsi upepo ulivyokuwa. Mkewe naye anamweleza hali ya mama, amekula, hakula, amemgeuza ubavu. Halafu maswali yakapungua. Kukawa na simu ambazo unasikia cherehani ikienda upande wa pili huku mtu anaitikia "mhm." Alikuwa amenunua cherehani nyingine kule, ya mkono, ili asikae bure kando ya kitanda cha mgonjwa. Majirani walikuwa wanamletea nguo.

Mama mkwe alifariki. Taratibu aliomba ruhusa akaenda kuzika. Tulimchangia kidogo, kama ilivyo desturi ya kazini. Aliporudi nilimuuliza kama amerudi na mkewe.

"Bado. Anaweka mambo ya nyumba sawa."

"Itachukua muda?"

"Taratibu," akasema, na kwa mara ya kwanza neno lile halikunipa utulivu.

Miezi ikapita. Mambo ya nyumba yakawa hayaishi kuwekwa sawa. Yeye hakuuliza, na mke hakusema. Walikuwa kama watu wawili waliobeba meza kubwa, kila mmoja anaogopa kuwa wa kwanza kuitua. Na kadiri simu zilivyozidi kuwa fupi, ndivyo vilima alivyotafuta vilivyozidi kuwa vikali.

Hatimaye akapata kile kilichovishinda vyote. Fundi ndiye aliyempa habari. Upande wa kaskazini wa mji kulikuwa na machimbo ya kokoto yaliyofungwa zamani. Barabara ya kwenda juu ilijengwa kwa ajili ya malori, kwa hiyo lami yake ni nene na haijachakaa, na kwa kuwa machimbo yamefungwa haipiti gari hata moja. Majani yameota kingoni, ndege wamejaa, na iko karibu kiasi kwamba kutoka nyumbani kwake mtu anafika chini yake kabla mwili haujapata moto. Alikaa mjini miaka yote ile na hakuwa anajua kama ipo.

Ina kona tatu. Ya kwanza ni ya salamu. Ya pili inakuvua koti. Ya tatu imesimama kama ukuta, ndefu, na ukiingia ndani yake huoni mwisho. Kila siku, hiyo kona ya tatu ilimshusha. Alikuwa anaanza kuyumba, anaweka mguu chini, na ukishaweka mguu chini mahali pale huwezi kupanda tena, baiskeli inakurudisha nyuma. Anaisukuma hadi juu, anakaa kwenye jiwe ukingoni mwa shimo la machimbo lililojaa maji ya kijani, anashuka. Kesho yake hivyohivyo. Nilimuuliza kwa nini asibaki na vile anavyoviweza. Akaniambia kinachowezekana kinamwachia nafasi.

Mchana mmoja wa Jumatano alikuwa ametoka kona ya pili akasikia gari nyuma yake. Alishangaa, maana hajawahi kusikia gari pale. Akajisogeza pembeni. Gari halikumpita. Likaja sambamba naye, polepole, dirisha likashushwa, na ndani yake alikuwamo mke wake. Anayeendesha alikuwa shemeji.

"Baba," mkewe akasema.

Yeye alitaka kuitikia. Midomo ilifunguka, lakini kilichotoka ni upepo tu.

"Tumefika nyumbani hukuwepo. Jirani wa chini ndiye aliyetuelekeza. Anasema kila siku uko huku."

Akatikisa kichwa: ndiyo.

"Simama basi tuongee."

Mbele yake kona ya tatu ilikuwa inaanza. Akatikisa kichwa: hapana. Aliniapia kwamba hakuwa na kiburi wala hasira. Miguu ilikuwa tayari iko ndani ya kazi yake, na yeye alikuwa hana habari nyingine mwilini isipokuwa hiyo. Shemeji akawa anaendesha gia ya kwanza, gari linaguna, na mkewe amelaza mkono dirishani anamtazama. Alikuwa amependeza, alisema. Alikuwa amesuka nywele kwa namna asiyoijua.

"Nimekuja kuchukua cherehani," mkewe akasema. "Na nguo zangu zilizobaki."

Taratibu alikanyaga. Akakanyaga tena.

"Sikutaka kukwambia kwenye simu. Unanisikia?"

Akaitikia kwa kichwa. Jasho lilikuwa linamwingia machoni, na hilo lilimsaidia, maana mkewe hakuweza kujua kipi ni kipi.

Shemeji ndiye aliyeshindwa kuvumilia. "Tutakusubiri juu, shemeji," alisema kwa sauti ya mtu aliyeona asichopaswa kuona, akakanyaga mafuta, gari likapanda likapotea.

Akabaki peke yake ndani ya kona. Hapo ndipo alipopata wazo la kugeuza. Chini kulikuwa rahisi. Kuachia breki tu, na dakika hiyohiyo angekuwa barabara kuu, na wao wangebaki juu na maneno yao. Aliliona wazo hilo vizuri kabisa, kama mtu anavyoona mlango ulio wazi. Lakini hakugeuza. Alisimama kwenye pedali, akalala juu ya usukani, akapeleka mguu mmoja, kisha mwingine. Baiskeli ilikuwa inakwenda polepole kuliko mtu anayetembea. Alipoinua macho aliona taa za nyuma za gari, na lile jiwe lake, na mkewe amesimama kando yake.

Alikuwa amepanda kona ya tatu bila kuweka mguu chini. Hakuna aliyejua isipokuwa yeye, na hakuona sababu ya kumwambia mtu.

Shemeji alikwenda kutazama shimo la machimbo, akalitazama muda mrefu sana kuliko shimo linavyostahili. Wao wawili wakakaa kwenye jiwe. Mkewe alingoja hadi pumzi yake ikatulia. Kisha akamwambia kwamba kule amefungua chumba cha kushonea kwenye sebule ya mama yake, na wasichana wanakuja kujifunza. Anaamka asubuhi na nyumba imejaa watu. Akasema, "Sirudi, baba."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoacha kuniuliza kama nimekula."

Mkewe akainamisha uso. "Na wewe hukuwahi kuniuliza narudi lini. Hata siku moja. Nilikuwa nangoja uniulize."

"Niliogopa jibu."

"Mwanzoni lingekuwa jibu jingine," mkewe akasema.

Hilo ndilo lililomwumiza, aliniambia. Mengine yote alikuwa ameshayazoea.

Baadaye mkewe akasema, labda kwa huruma, labda kwa kweli, "Ungeweza kuja ukae kule. Bekari zipo."

"Kule kukoje? Kuna vilima?"

"Hakuna hata kimoja. Hata ngazi hakuna, nyumba zote za chini."

Wakatazamana, wakaanza kucheka wote wawili, kicheko cha watu walioishi pamoja miaka mingi, na wote walijua kwamba kwa kicheko hicho amekataa na mkewe amekubali.

Shemeji alitaka kuiweka baiskeli kwenye buti. Taratibu akakataa kwa upole, akashuka nyuma yao. Nyumbani yeye ndiye aliyebeba cherehani ngazi zote hadi kwenye gari, hakumruhusu shemeji. Akaifunga kwa kamba, akaizungushia blanketi isikwaruzike. Shemeji, kwa kutaka kusema neno lolote, alisema, "Na baiskeli ile ni yako sasa, kaka." Taratibu akamshukuru.

Kesho yake aliunguza mikate. Trei nzima, nyeusi kama viatu. Katika miaka yote niliyofanya kazi naye sikuwahi kuona tanuri likimshinda. Alisimama mbele ya ile mikate na koleo mkononi. Nikamsaidia kuitoa, na ndipo aliponiambia, huku anakwangua trei, bila kunitazama. Nikamkaribisha kwangu siku ya mapumziko. Alikuja amevaa shati la pasi, akacheza na wanangu, akala, akaondoka mapema. Nilimkaribisha tena, akasema "taratibu, dada." Nikaelewa kwamba nyumba yenye kelele ilikuwa inampa kazi ngumu kuliko nyumba isiyo na kelele.

Aliacha baiskeli kwa muda. Kisha akairudia, kwa kuwa mchana ulikuwa bado ni mrefu vilevile.

Mwaka uliofuata fundi alitaja habari zake kwa watu wa klabu ya baiskeli, wale wenye kofia zinazong'aa na nguo za kubana. Wakaja kumtafuta hadi bekari. Walikuwa na adabu, walimwita "mzee wetu." Wakamwomba awaonyeshe vilima vyake, na siku ya sikukuu moja akawapeleka. Kwenye machimbo walimpita wote kona ya kwanza, kwa kicheko na maongezi, na alipofika juu walikuwa wameshapiga picha na wanajiandaa kushuka. Walimpigia makofi. Wakasema hicho ndicho kilima bora cha mjini na walikuwa hawajui kama kipo. Wakamkaribisha awe anakuja nao kila Jumapili asubuhi, lakini Jumapili asubuhi watu wanataka mikate. Sasa barabara ile imejaa. Wameandika kwa rangi nyeupe juu ya lami maneno ya kutiana moyo. Yeye haendi tena. Si kwamba amekasirika. Alisema tu anajikuta anayasoma.

Akaanza upya kutafuta.

Wiki chache zilizopita nilipata lifti kwenye gari letu la mikate, lile linalopeleka mzigo wa mchana. Dereva alipita upande wa mji ambao mimi siujui vizuri, penye nyumba mpya zilizojengwa mgongoni mwa mwinuko. Mbele yetu tukamwona mtu kwenye baiskeli, mgongo umeinama, shati limelowa, anapanda kwa mwendo ambao ungedhani amesimama. Nikamtambua kwa namna anavyoweka kichwa.

"Si Taratibu yule?" dereva akasema. "Nimpigie honi?"

"Muache," nikamwambia. "Ukimpigia honi atataka kuitikia, na pumzi hana."

Tukampita kwa upana, taratibu, ili tusimtie vumbi. Hakugeuza uso. Kwenye kioo nilimwona akipungua hadi kona ikamchukua, na nikajiona nimefanya jambo la kiungwana.

Alfajiri iliyofuata tulikutana kwenye mizani kama kawaida. Alikuwa anafunga aproni.

"Jana mlipita," akasema.

"Ulituona?"

"Nililisikia gari tangu kule chini. Lile gari letu nalijua mlio." Akafunga fundo, akalifungua, akalifunga tena. "Mbona hamkusimama?"

Nikamwambia hatukutaka kumkatiza.

"Ningesimama," akasema. "Kile hakikuwa kilima kizuri hata hivyo. Kina kokoto nyingi." Kisha akaenda kuwasha tanuri.